Mgongoni au bondeni: njia ipi ya msitu wa vilima inamfaa mbwa wako?

Hifadhi nyingi za misitu zenye vilima humpa mgeni njia mbili tangu langoni. Moja inapanda hadi mgongo wa kilima na kufuata ukingo wenye upepo, ambako unaona mbali. Nyingine inaandamana na kijito bondeni, chini ya miti mikubwa. Anayetembea peke yake huchagua kwa macho: leo nataka kuona nini? Mwenye mbwa ana swali jingine la kuanza nalo. Mwenzake hakuja kutazama mandhari. Anatembea pua chini, peku, ndani ya koti la manyoya asiloweza kulivua, na mara nyingi hataonyesha kwamba amechoka mpaka awe amechoka kupita kiasi. Mbwa wengi humfuata bwana wao hadi nguvu ziishe kabisa. Kwa hiyo uamuzi unaoufanya pale langoni ndio unaoamua atarudije jioni.

Nitaziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu, lakini sitayapa mambo yote uzito sawa. Joto na mteremko ndivyo vinavyoamua; mengine hurekebisha uamuzi huo.

Joto

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za sentigredi. Likipita 41 ni dharura. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Ana tezi za jasho kwenye nyayo, lakini mchango wake ni mdogo sana. Karibu kazi yote hufanywa na kuhema: hewa inapita haraka juu ya ulimi na ndani ya pua penye unyevu, maji yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Ukishaielewa kanuni hiyo, utaona tofauti ya njia ya juu na ya chini si ile watu wanayoidhania.

Wengi husema bonde lina ubaridi kwa sababu lina kivuli. Asubuhi mapema ni kweli kabisa, kwani hewa baridi huteremka usiku na kutulia chini. Lakini ikifika mchana, hasa siku inayofuata mvua, bonde lenye miti minene hushika unyevu na upepo haufiki. Hewa iliyokwisha kushiba unyevu haipokei mvuke zaidi kwa urahisi, na hapo mbwa anahema na kuendelea kuhema bila kupoa. Wewe unaona kivuli na kudhani yuko salama. Siku ya namna hiyo, yenye mawingu na mvuke mzito, mgongo wa kilima unaopigwa na upepo unamfaa zaidi.

Siku ya jua kali mambo yanageuka. Mgongo ulio wazi hauna pa kujificha, na miamba yake hushika joto ambalo nyayo zinalipokea moja kwa moja. Weka kiganja chako juu ya jiwe kwa sekunde kadhaa. Usipoweza kuvumilia, na yeye hawezi. Siku hiyo bonde linashinda, hasa kama kuna maji ya kulowesha tumbo na miguu.

Kuna hoja moja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba "juu kuna baridi" kwa hiyo tupande. Kwa wastani joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1000 unazopanda. Kilima cha mita 250 kinakupunguzia nyuzi moja na nusu hivi. Misuli ya mbwa anayepanda mwinuko huzalisha joto jingi kuliko nafuu hiyo. Kinachosaidia huko juu ni upepo. Kimo chenyewe hakina msaada wa maana kwenye vilima vya kawaida.

Mbwa wenye nyuso bapa, kama Bulldog, Pug na Boxer, wana njia fupi na finyu za hewa, kwa hiyo hata kuhema kwenyewe kunawashinda. Hao nisingewapandisha mgongoni isipokuwa siku ya baridi, tena polepole. Kwa mbwa yeyote, dalili za hatari ni zile zile: kuhema kusikotulia hata akipumzika, ute mzito mdomoni, fizi nyekundu mno, kuyumba, kutapika. Ukiziona, anza kumpoza papo hapo kabla ya kufikiria safari ya kwa daktari wa mifugo. Mwagie maji mwili mzima, mpepee, mweke kivulini, ndipo uondoke naye huku ukiendelea kumlowesha. Hapa ndipo bonde lenye kijito linapookoa maisha, kwa sababu huko mgongoni una maji uliyobeba tu.

Kupanda na kushuka

Watu huogopa kupanda. Mimi kwa mbwa naogopa zaidi kushuka.

Mbwa akiwa amesimama kwenye tambarare, miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Akianza kuteremka, uzito unasogea mbele zaidi, na kila hatua inakuwa pigo kwenye viwiko, mabega na vifundo. Mbwa mzee mwenye baridi yabisi anaweza kupanda kwa furaha asubuhi, kisha usiku akashindwa kuinuka. Kilichomwumiza ni ule mteremko wa kurudi. Tena akiwa na hamu ya kufika chini huteremka mbio, na wewe ukivutwa nyuma yake mnaweza kuanguka wote wawili.

Njia ya mgongoni karibu kila mara inadai mteremko mkali mahali fulani. Njia ya bondeni hupanda na kushuka kidogo kidogo. Kwa mbwa mzee, mbwa mnene kupita kiasi, au mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi kama Dachshund, tofauti hii peke yake inatosha kuamua: bondeni. Huyo wa mgongo mrefu usimwache aruke kutoka kwenye magogo na ngazi za mawe, mnyanyue.

Mbwa mchanga naye ana sababu yake. Mifupa yake hurefuka kwenye sehemu laini zilizo karibu na viungo, na sehemu hizo hufunga kwa kuchelewa: kwa mbwa wadogo na wa kati ni karibu miezi 12, kwa mbwa wakubwa sana miezi 18 au zaidi. Kabla ya hapo matembezi mafupi ya kunusanusa bondeni yanamtosha na yanamjenga. Kumpeleka kileleni akiwa na miezi sita kwa sababu "ana nguvu nyingi" ni kumkopea kwa viungo vyake mwenyewe.

Kupanga muda kuna kanuni ya zamani inayonisaidia, iliyowekwa mwaka 1892 na Mskoti William Naismith: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 6 yenye mwinuko wa mita 300 itakuchukua kama saa 1 na dakika 42. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye afya anayetembea bila kusimama. Mbwa anasimama kila kichaka, na ana haki ya kusimama, kwa sababu kunusa ndiyo starehe yake kubwa. Ongeza angalau theluthi moja ya muda. Njia ya mgongoni ambayo kwenye karatasi ni ya asubuhi, ukiwa na mbwa inaweza kukukuta na jua la utosi.

Ardhi yenyewe pia hailingani. Mgongoni kuna changarawe na mawe yenye makali yanayokwangua nyayo za mbwa aliyezoea sakafu na nyasi. Nyayo hukomaa polepole, kwa wiki, kama ngozi ya mikono ya mkulima mpya. Hakuna njia ya mkato. Bondeni kuna mizizi, utelezi na tope linaloganda katikati ya vidole. Kagua nyayo mkifika nusu ya njia kila mara, kwa sababu mbwa anaweza kuchechemea kidogo tu wakati kidonda tayari kimefunguka.

Maji

Bonde linaonekana kuwa limeshinda kabla ya kuanza, na kwa kupoza mwili limeshinda kweli. Kwa kunywa, hapana. Bakteria wa leptospira hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi kwenye maji yaliyotuama na tope, na humwambukiza mbwa na binadamu. Chanjo ya mbwa ipo. Kama unapenda njia za bondeni, zungumza na daktari wako kuihusu kabla ya msimu wa mvua. Kuna pia giardia, kimelea cha tumbo kinacholeta kuharisha kwa siku nyingi. Hatari kuliko zote ni ule utando wa kijani au wa kibuluu unaotokea juu ya maji yaliyotulia siku za joto. Baadhi ya viumbe vinavyoufanya hutoa sumu inayoweza kumwua mbwa ndani ya saa chache, na si lazima anywe: kulamba manyoya yaliyolowa kunatosha. Ukiona utando wa aina hiyo, mshike kamba fupi na mpite mbali.

Maji yanayokwenda kasi juu ya mawe yana hatari ndogo kuliko kidimbwi, lakini mimi humpa mbwa maji niliyobeba hata kama kijito kinatiririka kando yetu. Mbwa aliyekunywa vya kutosha kwenye bakuli hana sababu ya kukimbilia dimbwi.

Mgongoni hesabu ni rahisi na kali zaidi. Mbwa aliyetulia nyumbani huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 20 ni lita moja au zaidi kidogo, na hapo hajapanda kilima. Kwa matembezi ya nusu siku mgongoni mbebee lita nzima ya kwake peke yake, umpe kidogo kidogo kila mnapopumzika. Ikiwa hutaki kubeba uzito huo, huo ni ushahidi tosha kwamba leo ni siku ya bonde.

Na kama anapenda kuogelea, usimwache muda mrefu kwenye maji baridi. Mbwa wengine, Labrador hasa, huamka kesho yake mkia umelegea na unauma. Hupona kwa mapumziko, lakini si jambo la kumtakia.

Kamba, na wenyeji wa msitu

Soma kibao cha langoni kwanza. Sehemu nyingi huagiza kamba, na urefu unaotajwa mara nyingi ni wa kama mita 2. Kwenye mbuga za taifa za Marekani kikomo ni futi 6, yaani mita 1.8. Kama hifadhi hairuhusu mbwa kwenye mojawapo ya njia, ulinganisho wote huu umekwisha hapo.

Mgongoni kamba fupi isiyovutika ndiyo jibu, bila mjadala. Mbwa anayemfukuza kindi haoni ukingo wa jabali mpaka ameshaufikia. Bondeni watu hushawishika kutumia kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, na mbwa hufurahi, lakini msitu mnene huisokota kwenye mashina kila hatua. Kamba ndefu ina mahali pake kwenye uwanda ulio wazi, ikifungwa kwenye mkanda wa kifuani. Kamwe isifungwe kwenye mkanda wa shingoni, kwa maana mbwa akifika mwisho wake akiwa mbioni shingo ndiyo inayopokea pigo lote. Ile kamba nyembamba inayojivuta ndani ya kibebeo cha plastiki iache nyumbani. Inachoma mikono, na ikikuponyoka kibebeo humfuata mbwa kikigongagonga nyuma yake, naye hukimbia zaidi.

Kwa njia zote mbili napendelea mkanda wa kifuani wenye umbo la Y, unaoyaacha mabega huru. Mgongoni uwe na mshikio juu ya mgongo wa mbwa, ili umsaidie kuvuka mwamba bila kumvuta shingo.

Sasa kwa wenyeji. Bondeni ndiko wanyama wengi wanakokunywa na kujificha, kwa hiyo ndiko mbwa anakosumbua zaidi, hata akiwa kimya na kamba shingoni. Watafiti wa Australia, Banks na Bryant, walipima jambo hili kwenye misitu ya pembezoni mwa Sydney na kuchapisha matokeo mwaka 2007: mbwa waliopitishwa wakiwa wamefungwa kamba walipunguza aina za ndege walioonekana kwa asilimia 35, na idadi ya ndege kwa asilimia 41. Watu waliotembea bila mbwa nao walisumbua, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Sisomi matokeo hayo kama amri ya kumwacha mbwa nyumbani. Nayasoma kama sababu ya kuchagua mgongo wakati ndege wa bondeni wanataga, na ya kubaki katikati ya njia siku zote.

Kinyesi kina uzito wake pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu hifadhi 4 karibu na Ghent, Ubelgiji, ulikadiria kwamba mkojo na kinyesi cha mbwa huingiza kilo 11 za nitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa hekta kwa mwaka. Hiyo ni mbolea ambayo msitu haukuiomba; hustawisha magugu yenye nguvu na kuisonga mimea adimu. Bondeni mvua ya kwanza huifikisha kijitoni. Okota, ubebe mfuko mpaka nje; usiutundike kwenye tawi ukiahidi kuuchukua ukirudi.

Kupe na nyoka, kwa kifupi

Kupe hawaruki wala hawadondoki kutoka mitini. Hungoja kwenye ncha za nyasi na vichaka vifupi, na hupenda unyevu, kwa hiyo bonde lina kupe wengi kuliko mgongo mkavu. Nyoka nao huota jua kwenye miamba, na hapo mgongo ndio wenye hatari zaidi, hasa asubuhi, maana mbwa hutia pua kwenye kila ufa. Akiumwa, usikate jeraha, usinyonye, usifunge mguu; mbebe ili asitembee, uwahi kwa daktari. Kupe umng'oe kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, ukivuta taratibu na kwa unyoofu. Mafuta ya taa na moto havina kazi hapo.

Mbwa gani, njia gani

Mbwa mzima wa miaka kati ya miwili na saba, mwenye uzito mzuri, aliyekwisha kuzoea kutembea saa mbili bila shida: mgongo unamfaa, asubuhi au siku ya mawingu. Mwenye woga wa watu na mbwa wengine pia namshauri apande, kwa sababu juu unaona mbali na unapata nafasi ya kusogea kando kabla hamjakutana uso kwa uso. Bondeni njia ni nyembamba na kona ni nyingi. Mbwa mwenye silika kali ya kuwinda ni kinyume: bonde lenye harufu nyingi humtia wazimu, lakini mgongo wenye majabali unaweza kumwua. Kwake sichagui yoyote kati ya hizo mbili.

Ipo njia ya tatu, ile ya ubavuni, inayozunguka kilima kwa kimo kile kile. Haina umaarufu kwa kuwa haifiki kileleni wala kijitoni. Kwenye ramani utaijua kwa sababu inafuata mistari ya mwinuko badala ya kuikata. Ina kivuli, ina upepo kiasi, haina mteremko mkali, na wanyama wanaokuja kunywa kijitoni hawako jirani. Kwa mbwa nisiyemjua vizuri, wa kuazima au aliyetoka kuchukuliwa kwenye makao ya mbwa wasio na wenyewe, huanza na hiyo kabla ya kujadili nyingine.

Kabla ya kuamua, angalia lango liko kimo gani. Lango likiwa chini, mgongo unakutaka nguvu mwanzoni mkiwa wazima, na mnarudi kwa kushuka. Lango likiwa juu, bonde ndilo lenye mtego: mnashuka kwa raha asubuhi, na mwinuko wote unawangoja saa saba mchana, maji yamepungua na mbwa kachoka. Hapo rudi mapema, mkiwa mmetumia theluthi moja ya nguvu zenu badala ya nusu. Njia ikiwa ya mzunguko, pandia upande mkali na shukia upande wa taratibu, hata kama mishale inaelekeza vingine, mradi mishale hiyo iwe ni pendekezo tu. Ikiwa ni lazima kufuata mshale, ufuate.

Halafu mpime kwa mikono yako. Mbwa wa kilo 8 akivunjika mguu utambeba mpaka langoni kutoka popote. Mbwa wa kilo 30 hutambeba kilomita tatu kwenye mawe. Mtandao wa simu mara nyingi hupatikana mgongoni na kupotea bondeni. Lakini bonde huwa na barabara ya gari au daraja karibu, na mgongo hauna. Kwa mbwa mkubwa, weka shuka imara kwenye begi, itakayofaa kuwa machela ya watu wawili, na usiende peke yako mahali ambapo msaada wa karibu uko mbali kuliko unavyoweza kumbeba.